Mahali pa Kushukia

Mtumbwi wa kaka yangu uliingia Kitale juu ya lori la mahindi. Lori lilikuwa limetoka Nakuru na magunia matupu kuja kubeba mavuno, na juu ya magunia hayo mtumbwi ulikuwa umelazwa kifudifudi na kufungwa kwa kamba za katani, naye amekaa pembeni ameuwekea mkono kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Wapakuaji wa mbolea mbele ya duka nilimokuwa nauza mbegu waliacha kazi wakamzunguka. Mmoja akauliza, "Ati bahari imefika Kitale lini, bana?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na kaka yangu akacheka nao, kwa sababu kununa hakukujua. Mimi sikucheka. Niliiangalia mikono iliyokuwa ikifungua zile kamba, nikaona saa yake ameipandisha karibu na kiwiko ili isidondoke.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati watu walikuwa wakirudi makwao wamekonda na hakuna aliyeuliza kitu kwa sauti. Kulikuwa na maneno ya kuzungukia: kifua, malaria sugu, amerogwa huko alikokuwa. Kaka yangu alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika hoteli moja kwenye Ziwa Naivasha, akiwapandisha wageni mitumbwi na kuwafundisha kupiga kasia. Kifua kilipomzidi wakamwambia akapumzike nyumbani. Mtumbwi huo, wa plastiki ngumu ya kijani, ulikuwa umepasuka chini ukatupwa nyuma ya jiko la hoteli. Akauomba, akauziba, akaja nao. Vijana wa watu walirudi na redio na magodoro. Wetu alirudi na mtumbwi, tena kwenye mji usio na ziwa.

Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe. Daktari alituambia wote wawili, mlango ukiwa umefungwa, kwamba ni ule ugonjwa usio na tiba, na tulipotoka nje kaka yangu aliniomba jambo moja tu, kwamba mama asijue kwanza. Nilikubali. Nilikasirika pia, sijui na nani. Wiki nzima nilimfokea kila mteja aliyeuliza kama mbegu zangu huota.

Mama aliishi peke yake Tongaren. Baba alikufa tukiwa wadogo, na upande wake hakubaki mtu wa kutusimamia, hivyo mambo yote mazito yaliamuliwa na mjomba wetu wa Myanga, ndugu yake mama. Shamba letu linaanzia barabarani na kuteremka mpaka mto Nzoia. Katika miaka ya sabini, tukiwa shule ya msingi, mto huo ulikuwa marufuku kwetu. Mama alikulia upande wa vijito vya kuruka, na maji mapana aliyaogopa kabisa. Alichotea juu ya jiwe moja bapa, mguu mmoja ukiwa tayari kukimbia, na hakuwahi kwenda mbele ya jiwe lile. Sisi tuliiba migomba iliyokatwa, tukaifunga miwili miwili, tukaikalia majini. Siku aliyotufuma, kaka yangu akiwa katikati ya mto, mama hakupiga kelele. Alingoja tutoke, ndipo akatuchapa kwa kamba ileile tuliyofungia migomba, halafu akalia kutushinda.

Kesho yake kaka yangu aliniuliza maji yote hayo huenda wapi. Nikamjibu, kwa ujuaji wa dada mkubwa, kwamba yanaenda Webuye, yanaanguka kwenye maporomoko, kisha yanaendelea mpaka ziwani. "Na hapa katikati kuna nini?" Sikujua, kwa hiyo nikamwambia anyamaze.

Sasa alikuwa mtu mzima anayekohoa chumbani kwangu Kitale, na alirudi palepale. Alitaka kumpandisha mama kwenye mtumbwi.

"Sista, huyo mama amechota maji ya huo mto miaka yote hiyo, na anajua jiwe moja tu. Mimi nimepeleka wazungu, nimepeleka wahindi, nimepeleka hata watoto wa mawaziri. Mama yangu sijampeleka. Nataka aone kwake kutoka upande wa maji. Safari fupi tu. Kabla hii mikono haijakataa."

Nilimwambia huo ni wazimu. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika. Lakini mvua za kwanza zilipoanza dawa za kifua zikampa nafuu, akaanza kula, saa ikashuka mpaka kwenye kifundo cha mkono, na mimi niliyekuwa nimeapa sitatia mguu kwenye kile chombo nikajikuta namsaidia kupanga.

Na kupanga alijua. Safari ya mtu asiyejua maji, alinieleza, hupangwa kuanzia mwisho. Kwanza unatafuta mahali pa kushukia, ndipo unarudi juu kutafuta pa kuingilia. Ukianzia juu utajikuta unakokotwa tu, hujui utatokea wapi. Kuanzia Moi's Bridge ilikuwa mbali mno kwa mama, na chini zaidi kulikuwa na miamba. Alitaka kipande kinachokwisha kabla jua halijawa kali, kingo ziwe fupi pande zote mbili, ili mtu akishikwa na hofu aweze kutoka na kutembea kwa miguu bila aibu. Hakutaka miti iliyoinamia maji, kwa sababu mgeni wa mto hushika tawi, mtumbwi ukaenda, yeye akabaki akining'inia. Na hakutaka kelele. "Ukisikia maji inaongea, hapo si pa mama."

Jumapili moja baada ya kanisa tulifuata ukingo tukipita katikati ya mahindi ya watu. Watu wa skimu, yaani wa mashamba yaliyogawiwa na serikali, wakimwona mtu anatembea shambani akiangalia huku na huku, akili yao huenda kwenye mipaka. Mwanamke mmoja alitusimamisha kwa jembe. "Mnapimia nani hii shamba?" Kaka yangu akamwambia hatupimi shamba, tunapima mto. Akatuangalia, akatoa jembe njiani, akasema basi tuupime tuende nao. Kaka yangu alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Tangu hapo alikuwa akisimama kila mara "kuangalia maji", na mimi nikasimama kuangalia maji pamoja naye, kwa sababu ningefanya nini.

Pa kuingilia tulipapata juu, kwenye kivuko cha ng'ombe. Pa kushukia palikuwa petu wenyewe. Kando kidogo ya jiwe la mama ukingo unalala, nyasi zinafika mpaka majini, na mto unajikunja ukapumzika hapo. Tulikuwa tumezaliwa juu yake na hatukuwahi kupaona hivyo.

Jioni tulikaa jikoni kwa mama tukingoja maji ya ugali yachemke. Yeye alikuwa nje, nyuma ya ukuta wa udongo, anakamua.

"Mahali tumepata," kaka yangu akaniambia. "Sasa imebaki kupanga siku."

"Na mama?"

"Tutamwambia siku ikikaribia. Atakataa kwanza, si unamjua. Lakini akiiona ataipenda. Iko pole, haina makelele."

Nje, sauti ya maziwa kwenye ndoo ilikatika. Nilidhani ng'ombe amepiga teke.

Mtu wa kwetu ameshaelewa, lakini wa mbali nimweleze. Kwa ulimi wa mama, na kwa sikio lake pia, l na r ni mapacha, hajali nani ametangulia. Akikwambia urudishe sufuria mahari pake, hakuna ng'ombe wa posa hapo. Tangu nianze shule nilikuwa nikimsahihisha: "Ni mahali, mama." Naye hunijibu, "Si ndio nimesema? Mahari." Na Kiswahili chetu cha bara hakikumsaidia. Mto ni iko, gari ni iko, na tukiwa na haraka hata binti wa watu ni iko. Kwa hiyo mama, kichwa kikiwa kwenye ubavu wa ng'ombe, alisikia kwamba mwanawe amepata mahari, imebaki kupanga siku, na kwamba msichana ni mpole, hana makelele.

Kaka yangu alikuwa amepita miaka thelathini bila mke, na jambo hilo lilikuwa likimkosesha mama usingizi. Kwetu mwanaume akiondoka bila kuacha nyumba, jina lake hukosa mtu wa kulibeba. Alikuwa akiliogopa hilo kabla hajawa na sababu ya kuogopa.

Hakutuuliza kitu. Alitupa chakula akiimba wimbo wa kanisani, akamwongezea kaka yangu mboga mara mbili. Siku chache baadaye, hili tulikuja kulijua baadaye, alisafiri mpaka Myanga.

Tuliporudi Tongaren mwezi uliofuata, tukiwa tumejiandaa kumweleza habari ya mto, tulikuta uwanja umefagiliwa, viti vimeazimwa kanisani, na harufu ya kuku imefika barabarani. Mjomba alikuwa amekaa katikati na koti lake zito ingawa jua lilikuwa linawaka. Mama wadogo walikuwepo. Mama mwenyewe alikuwa amevaa rinda jipya, jeupe kwenye kola, nililokuwa sijawahi kuliona. Alipotuona alipiga kigelegele.

Mjomba hakupoteza wakati. "Kijana, tumefurahi sana. Sasa tuambie, ni wa ukoo gani? Maana usituretee mtu wa kwetu, hiyo ni mwiko."

"Nani, mjomba?"

"Bibi, si bibi! Mahari umepata, imebaki siku. Huyo bibi ni wa nani?"

Kaka yangu alinigeukia. Nilikuwa nimeelewa kabla yake, na nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika mlango. Akaeleza polepole, kwa heshima, kwamba ilikuwa mahali, mahali pa kushukia mtoni, na kwamba alikuwa anataka kumtembeza mama kwa mtumbwi. Mama mdogo mmoja alidondoka kwenye kiti. Hata mjomba alipangusa macho. "Mto! Ati tumechinjia mto!"

Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama na sufuria ya kuku mikononi. "Haya, nirisikia vibaya," alisema. "Hiyo tuache. Rakini mahari ya ukweri, baba, utatoa rini?"

Alimwita baba, kama mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume wakiwa wanawabembeleza. Kicheko kilikwisha. Kaka yangu aliinuka, akamtoa ile sufuria mikononi, akaiweka mezani, akamshika mkono akampeleka nyuma ya ghala, ambako mtumbwi ulikuwa umelazwa tangu tuulete kutoka Kitale. Sikuwafuata. Nilichoweza kuona kutoka pembeni ni kwamba yeye alikuwa akiongea akiwa ameinamisha kichwa, na mama akaketi taratibu juu ya mgongo wa mtumbwi. Niliungoja ule ukemi wa wanawake wetu unaokusanya kijiji kizima. Haukuja. Alilivuta rinda lake jipya likafunika magoti, akalinyoosha, akalinyoosha tena. Huku mbele wageni walikuwa wameanza kula, kwa sababu chakula kilikuwa tayari na hawakujua kilichokuwa kikisemwa. Nilimchukia mjomba kwa vile alivyokuwa akitafuna.

Waliporudi mama alikaa kati yetu, akauliza jambo moja tu.

"Hiyo safali ya maji ni rini?"

"Maji ikishuka, mama," kaka yangu alisema.

Maji hayakuwa yanashuka. Ulikuwa mwezi wa nane, Nzoia imejaa rangi ya chai, inabeba matawi na mabua ya watu, na kaka yangu hakuwa mtu wa kubahatisha na mgeni wa maji. Alichomeka ufito pale mahali pa kushukia, akaufunga kitambaa chekundu. Kitambaa kikitoka majini chote, tunakwenda. Wakati wa kungoja, akasema, mama ajifunze.

Akamfundishia kwenye nyasi. Tuliuburuta mtumbwi mpaka katikati ya uwanja, mama akaketi mbele, amefungwa kiunoni mtungi mtupu wa plastiki, wa kumwelesha akitumbukia, ili azoee kukaa nao, na mikononi ana kasia ambalo kaka yangu alilichonga kwa mti wa saipresi. Yeye alikaa nyuma yake. Mbuzi walikuja kutazama. Majirani pia.

"Usichote kama mchuzi, mama. Vuta. Eeh. Vuta."

"Na tukipinduka?"

"Tunashika mtumbwi. Hatushiki matawi."

"Na wewe? Nikuone wapi?"

"Hutaniona. Mimi nitakuwa nyuma yako. Wewe angalia mbele tu."

Alivuta nyasi zile mpaka jasho likamtoka, mwanamke aliyekuwa akiogopa mto kuliko nyoka, na siku moja nilimkuta anacheka kwa sauti, kasia limemponyoka likampiga mbuzi. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia, nikaona uchungu ambao sikuwa na pa kuuweka. Walikuwa na furaha, na mimi peke yangu nilikuwa nikimhesabia pumzi.

Mvua ya mwaka ule ilikataa kwisha. Mimi niliyekuwa nikila kwa sababu ya mvua niliichukia kama adui. Kila nikifika kutoka Kitale nilikuwa nauliza habari ya kitambaa kabla ya salamu. Mama aliteremka kila asubuhi na ndoo yake, akarudi na jibu lilelile, "Bado imerara kwa maji." Katika sala zake za chakula aliongeza ombi kwamba Mungu aupunguze mto. Jirani zake walikuwa wanaombea mahindi.

Maji yalipoanza kushuka, yalishuka taratibu sana, na kaka yangu akashuka nayo. Saa ilirudi karibu na kiwiko, kisha akaivua. Masomo ya nyasi yakawa mafupi, halafu akawa anafundisha akiwa ameketi kwenye mkeka, halafu akawa anaangalia tu, mama akipiga kasia peke yake kwenye mtumbwi mtupu, akigeuza shingo kumuuliza kama ni sawa. Niliacha kazi dukani nikaja kukaa.

Asubuhi moja mwezi wa kumi na mbili mama alipanda kutoka mtoni bila ndoo. Alikuwa karibu kukimbia. "Kitambaa iko juu! Maji imeshuka!" Alikuwa ameshafunga mtungi kiunoni. Kaka yangu alikuwa ameegemea kifua changu mbele ya nyumba, jua likimpiga miguuni. Alitabasamu. Akaomba kasia. Nilimwekea mapajani, akalizungushia vidole, akajaribu kuliinua, na halikuinuka. Tuliliangalia wote watatu.

"Kesho, mama," alisema.

"Kesho, baba."

Mama akafungua mtungi kiunoni, akauweka kando ya kitanda chake, na ulikaa hapo. Kaka yangu alikufa kabla ya Krismasi, mchana, na mto ulikuwa umetulia kiasi kwamba hata mtoto angeweza kuupanda. Mtumbwi uko nyuma ya ghala hadi leo. Kuku hutagia ndani, na mama hataki kusikia habari ya kuuuza.

Siku ya kuchimba kaburi, mjomba alisema mwanaume asiye na nyumba atalazwa pembeni karibu na ua, ndivyo ilivyo. Vijana walikuwa wamekaa na majembe wakingoja waonyeshwe. Mama aliinuka akaanza kuteremka. Akapita migomba, akapita mabua ya mahindi yaliyovunwa, nasi sote tukamfuata, mpaka akafika juu kidogo ya ule ukingo unaolala, mahali ambapo mafuriko hayafiki na mto unaonekana wote, na ufito bado umesimama majini na kitambaa chake kimekauka.

"Huku ni mtoni," mjomba alimwambia. "Watu hawazikwi huku, dada."

Mama alipiga ardhi kwa kisigino.

"Mahari ni hapa."

Hakuna aliyecheka. Mama wadogo waliokuwa wamecheka siku ile walisimama pale wamejishika vichwa. Mimi nilisikia lile neno, nikangoja ulimi wangu ufanye kazi yake ya miaka yote, na sikumsahihisha. Mjomba akavua lile koti lake, akachukua jembe kwa kijana aliyekuwa karibu naye, akaanza kuchimba.